Safi Kiasi

Nyumba Na. 9, Mtaa wa Alma,
Thornclough, Lancashire.
Ijumaa, 20 Machi 1936.

Mpendwa mjukuu wangu Ivy,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Hujambo, kifaranga changu? Kifua cha Ernest kimepona? Na Joan mdogo, meno yameshatoka au bado anawanyima usingizi? Nasikia huko Kanada theluji inafika madirishani. Mvalishe soksi mbili na usimsikilize mtu. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, lakini hayo yalianza kulalamika hata hujazaliwa.

Utaona mwandiko huu si wa shangazi yako Winnie. Miaka yote mimi nimesema, yeye akaandika. Leo anaandika Bi. Pilling, jirani yangu, nami nimemwambia aandike kama nisemavyo, asinipambe.

Habari yenyewe ni hii: mtaa wetu unabomolewa. Wamejenga nyumba mpya kule kilimani, zina bafu na bustani. Lakini huzipati hivi hivi. Kwanza anakuja bibi mmoja wa halmashauri mwenye kofia ya unyoya kukagua kama wewe ni safi. Winnie na mumewe Clifford, hapa mlango wa pili, walikuwa wapewe nyumba yenye chumba cha chini kwa ajili yangu, mradi bibi huyo aturidhie sote. Nilishachagua hata ukuta wa kupandishia maharage yangu.

Sasa Ivy, wewe umekulia kwangu, neno hilo unalijua. Kizingiti kilichosuguliwa kwa jiwe kila Ijumaa mpaka kikawa cheupe, hicho ni safi. Shuka yenye viraka saba ni safi. Babu yako alirudi kutoka mgodini, kwenye makaa, mweusi kama sufuria, na hapakuwa na mtu safi kumshinda mtaani hapa, maana hakumdanganya mtu wala hakuninyanyulia mkono. Lakini bibi wa kofia anazo aina tatu tu: safi, safi kiasi, na chafu. Nikamuuliza, safi kiasi ndiyo nini, mtoto aliyenawishwa uso akaachiwa shingo yake? Hakucheka.

Akafunua godoro langu la manyoya, akachungulia nyuma ya picha, hakukuta kitu. Akaenda kwa Winnie. Mimi nikatoka uani kuanua nguo, na dirisha la jiko la Winnie lilikuwa wazi.

“Hao kunguni wanatoka kwa mama, bibi,” nikamsikia. “Wanapita ukutani. Mama haoni tena, maskini. Sisi tunamsitiri tu.”

Ivy! Kunguni wale waliingia na kochi alilolinunua Clifford mnadani. Nani alipiga magoti na mafuta ya taa kuwatoa kwenye nyufa? Mimi. Winnie alikuwa amepanda juu ya meza anapiga yowe.

Basi wao wakaitwa safi, mimi safi kiasi. Maana yake nipewe chumba kimoja kwenye jengo la wazee, ng'ambo ya mfereji, na godoro langu lichomwe moto. Baba yako, Mungu amrehemu, alizaliwa juu ya godoro lile.

Nikaingia kwa Winnie bila hodi.

“Nani mwenye kunguni?”

“Mama, usianze.”

“Nimeshaanza. Jibu.”

Akaendelea kumenya viazi. “Clifford kasema ni wewe au yeye.”

“Basi mwache aende yeye! Utakosa nini, lile kochi?”

Akatupa kisu. “Nataka nyumba yangu, Mama! Nyumba ambayo hakuna mtu wa kuja kila Ijumaa kupitisha kidole juu ya kabati langu, halafu akitazame kile kidole vile!”

“Kidole hiki ndicho kilichokuogesha.”

“Najua. Mpaka leo nakisikia ndani ya masikio.”

Bi. Pilling anasema hilo tusiliandike. Andika, Bi. Pilling.

Angeniambia hayo usoni tangu mwanzo, ningenuna wiki nzima, kisha nikapoa. Lakini kunivika uchafu wake mbele ya mgeni, tena kwa sauti ya kunihurumia! Hilo, mjukuu wangu, sijui nilisugue kwa kitu gani.

Leo wamehama. Unakumbuka nasugua vizingiti viwili, changu na cha Winnie, tangu alipojifungua mtoto wa kwanza akaumwa mgongo. Leo nimeshuka na ndoo na jiwe, nikasugua changu, nikafika kwenye ule ufa kati ya nyumba zetu, nikaishia hapo. Chake nikakiacha cheusi.

“Zillah, umesahau upande!” akaita mama mmoja wa nyumba ya mkabala.

“Sijasahau.”

Wanawake wakatoka milangoni kutazama. Unajua hapa kwetu kumwachia mtu kizingiti cheusi ni kubwa kuliko tusi.

Winnie akatoka amekumbatia saa ya ukutani. Akatazama kizingiti chake, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. Akaja, akakanyaga kizingiti changu kikiwa bado kibichi.

“Mama...” akasema.

“Winnie! Gari linaondoka!” Clifford huyo.

Akageuka, akaenda.

Alama ya kiatu chake iko pale hadi sasa, katikati ya weupe. Bi. Pilling alipofika ameomba kitambaa aifute, nikamwambia airuke. Sijui nimeiacha ili watu waione, au nimeiacha kwa kuwa ni mguu wa mwanangu. Wabomoaji watakuja wachukue kizingiti na alama yake.

Winnie akikuandikia kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyetaka chumba cha wazee, wewe jua ukweli. Lakini usimtukane. Kazi hiyo niachie mimi.

Nisalimie sana Ernest, na Joan umbusu shingoni, pale wanapopasahau watu wakati wa kuogesha. Mungu aitunze nyumba yenu, iwe na vumbi au isiwe nalo.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye, wala si kiasi,

Zillah Entwistle