Muziki Niliousikia Dukani

S.L.P. 87,
Kitengela.
14 Septemba 2003.

Mpendwa shemeji Mulei,

Salamu nyingi zikufikie huko Gaborone ukiwa mzima. Kifua kimepona? Nilisikia darasa lako liko na wanafunzi hamsini, nikasema woi, sauti ya shemeji itaisha. Sisi hatujambo. Mama yenu mguu unamsumbua, lakini bado anagombana na kuku zake huko Mwala, kwa hivyo usiwe na wasiwasi.

Hapa ni vumbi na upepo tu. Pundamilia wamefika mpaka kando ya barabara wakitafuta nyasi.

Barua yako ya Agosti niliipata. Umesema umeomba ruhusa ya kuja kortini Kajiado Oktoba tarehe kumi na sita, unisikize nikitoa ushahidi na umwone kwa macho yako aliyemuua ndugu yako. Shemeji, keti kwanza ndiyo uendelee kusoma.

Unakumbuka ule mchezo wa TV niliokuandikia, wa kila Jumanne saa moja na nusu jioni? Ulianza Mei, miezi miwili baada ya sisi kumzika Munguti. Humo kuna jambazi anaitwa Chuma. Ana kovu chini ya jicho la kushoto, na anaua watu huku akitafuna njiti ya kiberiti. Majirani wote wa plot walikuwa wanakuja kwangu, hata Mama Resian na shuka lake, na Chuma akitokea tunapiga kelele: anyongwe! achomwe! Mimi ndiye nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Haki ya Mungu, ilikuwa inanipoza moyo. Jumanne ndiyo siku pekee nilikuwa nalala vizuri.

Julai polisi wakaniita kwa paredi, baada ya msako wao. Wanaume wanane wamepangwa ukutani. Sikufika hata kwa wa tano. Nilimwona mmoja, mwili ukaingia baridi, nikamgusa bega. Huyu. Uso huu naujua. Ana kovu chini ya jicho la kushoto. Ndiye huyo Samuel, fundi wa kuchomelea mageti, na tangu siku hiyo ako rimandi. Wizi wa mabavu, sheria unaijua wewe: hukumu yake ni kamba, hakuna nyingine.

Sasa sikiza. Wiki mbili zilizopita kiongozi wa mashtaka aliniita tupitie maneno yangu. Akaniuliza siku ya mauaji pale dukani niliona nini na nilisikia nini. Nikamwambia yote: ni saa kumi na mbili na nusu, Munguti anapima misumari, mtu anaingia, bunduki, na muziki unalia polepole, ngoma moja na filimbi. Akaandika. Nikarudi nyumbani nikijiona nimefanya kazi nzuri.

Nikiwa naosha vyombo nikasimama. Muziki gani? Stima ilikuwa imepotea Kitengela yote tangu mchana. Tulikuwa tumewasha taa ya chemni. Redio ya duka ilikuwa haina betri, Munguti alishinda akilalamika. Duka lilikuwa kimya mpaka ningeweza kuhesabu misumari ikianguka kwa mizani.

Jumanne ikafika, majirani wakaja, TV ikawashwa. Ngoma moja na filimbi. Ni muziki wa kuanzisha ule mchezo. Nilitoka nje nikashikilia tangi ya maji mpaka wakamaliza. Siku hizi TV nimeifunika na kitambaa, nimewaambia imeharibika.

Tangu hapo nafunga macho, hata mchana nikiwa kwa kaunta, nairudisha ile jioni. Yule mtu aliingia amevuta kofia ya sufu mpaka kwa nyusi, na shali imefunga pua na mdomo. Hata ndivyo niliandikisha Machi, iko kwa faili: uso sikuona. Lakini nikimtazama sasa anainua mkono polepole, anateremsha shali, na chini yake ni Chuma, anatafuna njiti, ananitazama kama mtu tumejuana siku nyingi. Jambo hilo halikutokea, Mulei. Na ndilo naliona wazi kuliko yote. Hata Munguti mwenyewe simwoni wazi hivyo.

Siku kesi ilitajwa, mama mmoja alikaa karibu nami kwa benchi pale kortini. Anaitwa Nyakio. Akanimiminia chai kutoka kwa thamosi yake. Akaniambia kijana wake alichomwa na cheche akijifunza kazi, hapa, akagusa chini ya jicho lake mwenyewe. Akaniuliza, "Na wewe mama, umemfuata nani?" Nikasema nimekuja kusikiza tu. Nikanywa chai yake yote.

Usifikiri nimelainika. Aliyemuua Munguti nataka anyongwe, hata leo. Lakini mtu akishanyongwa hawezi kuitwa arudi aambiwe pole, shahidi alichanganya na mchezo wa TV. Na pengine Samuel ndiye. Hilo ndilo linanimaliza: pengine ndiye, na mimi sijui.

Kama si yeye, basi mwenyewe yuko. Juzi mwanaume aliingia dukani amejifunga shali kwa sababu ya vumbi, akataka misumari ya inchi nne. Akasema, "Pole kwa mzee, mama." Nilimtazama macho, nikayatazama sana, hayakuniambia kitu. Akachukua misumari yake akaenda.

Nitaapa kwa Biblia na nitasema uso sikuona. Mama atasema nimeuza damu ya mtoto wake. Ukoo utasema nimehongwa. Wewe sijui utasema nini, na naogopa, ndiyo maana nakuandikia mapema.

Watoto, Evalyne na Roy, wanakusalimu sana. Nisalimie Mutindi na watoto wenu.

Ruhusa usiirudishe, shemeji. Njoo, na ukae mbele mahali nitakuona. Nikimtazama yule kijana hata kidogo nitasema ndiye, najijua, mdomo utafunguka wenyewe. Wacha nikutazame wewe, kwa sababu uso wako ni wa Munguti.

Mungu akufikishe salama.

Wako akupendaye, mke wa ndugu yako,
Nthambi.