Bi Somoe Hataki Maji

Jumatatu, 7 Oktoba
Asubuhi kama kawaida. Maji ya uvuguvugu, vitambaa laini, shuka safi. Wazee wa upande wangu hapa makaoni wote wakavu, isipokuwa Bi Somoe aliyeletwa juzi kutoka Mikindani. Nimemkuta kajifunga khanga mbilimbili, na juu yake nailoni. Amelowa chapachapa. Hataki kuguswa. Mkojo una harufu kali, ya mtu asiyekunywa maji.

Jumanne, 8 Oktoba
Leo kakubali nimgeuze. Mapaja mekundu, kinena kimeanza kuchubuka. Joto hili, na nailoni ile! Fatu, mwenzangu wa zamu, alishashika poda. Nikamzuia. Poda ikilowa inaganda, inasugua. Tumemwosha bila sabuni kali, tukamkausha kwa kubonyeza taratibu, tukampaka mafuta ya mgando kidogo. Nailoni nimetupa. Muuguzi kaja kuona, kasema tukizembea kitakuwa kidonda. Hatutazembea. Kazi hii naijua.

Alhamisi, 10 Oktoba
Palipochubuka pamezidi. Nimekasirika. Mchana kutwa hajanywa hata kikombe, na kajifunga nailoni nyingine, sijui kaitoa wapi. Nikaketi kitandani kwake, nikamuuliza anaogopa nini.
"Nikinywa, najikojolea. Nikijikojolea, nitasalije, mwanangu?"
Kumbe hasali tangu mkojo uanze kumtoka ovyo. Hilo ndilo linalomuuma, ngozi wala haimshughulishi. Mimi ni Mkristo, nikaenda kumwuliza Fatu, Mwislamu mwenzake.

Ijumaa, 11 Oktoba
Fatu kampigia simu sheikh wa msikiti wa jirani. Baada ya sala ya Ijumaa akaja, akaketi karibu na mlango. Akamweleza Bi Somoe kwamba asiyeweza kuzuia mkojo ana ruhusa yake. Wakati wa sala ukiingia ajisafishe, avae pampasi safi, atawadhe, asali. Kikimtoka kitu hapo katikati, hana lawama.
"Dini haitaki ufe kwa kiu, mama," alimwambia.
Bi Somoe alilia. Mimi pia, kidogo, jikoni.
Nikapanga na Fatu palepale. Adhana ikilia tu, tunamwosha, tunamkausha, tunampaka, tunambadilisha. Katikati tunapita kumwangalia. Alasiri kasali, ameketi kwenye kiti. Kisha kaomba maji.

Jumatano, 16 Oktoba
Wekundu unafifia. Palipochubuka pamekauka. Nailoni hataki hata kuiona, na leo kanywa dafu zima. Mkojo hauna tena harufu ile. Mzee Nandonde, Mkatoliki kama mimi, naye sasa tunambadilisha kwa adhana. Anasema haimsumbui. Nina furaha, na sioni haya kuiandika.

Jumapili, 20 Oktoba
Ngozi imefunga. Nilikuwa nagawa uji, Bi Somoe akaniita. Sauti ya kawaida tu, mbele ya wenzake wote.
"Mwanangu, nimelowa."
Nikaweka upawa chini, nikachukua beseni.