Roulement za Mzee Mutabazi

Héritier, nimekwisha. Usicheke kwanza.

Unajua nataka kuoa Mutoni. Leo papa yake, Mzee Mutabazi, akaniita kwao Gihundwe: "Fundi, kuya uangalie kamio yangu ya 4x4. Mipira ya mbele inakataa kuzunguka muzuri."

Na mi nilikuwa najua ju ya nini!! Jana tulikuwa batatu ndani ya ile kamio, Mzee, Mutoni na mimi, tunatoa muchele Bugarama. Kwa matope Mzee alishuka, akafunga bifungo ya mipira ya mbele, bile bya kugeuza na mukono pale katikati ya mupira, ju nayo ivute. Kufika kwa lami akasahau kubifungua. Ni hiyo tu!

Sasa utaambia papa mukwe "umesahau" mbele ya majirani? Yeye akasema ni roulement, ile beringi ya ndani ya mupira, imekufa, fungua. Nikainua kamio mbele na jeki, nikafungua, Héri. NIKAFUNGUA. Upande muzima, byuma yote chini kwa gunia, grisi mpaka kwa biwiko. Mzee amekaa kwa kiti, anaambia batu: "Huyu njo anataka mutoto yangu. Ona anashika spana kama muntu anakula bugali ya moto."

Bakacheka. Na mimi nikacheka!!

Mutoni akatoka jikoni, akainama upande ile sijagusa, akageuza kifungo na bidole mbili. Akasukuma mupira. Ukazunguka.

Mzee akakohoa tu.

Mutoni akaniangalia MIMI. "Papa alisahau. Weye ulijua, ukanyamaza."

Nikamuambia ni heshima.

"Kesho akikuambia unipige, utamupa heshima pia?"

Akaingia ndani, akafunga mulango.

Mzee akasimama: "Fundi, rudisha byuma yangu muzuri."