Fundi Viatu Aliyempakulia Mkewe Kwanza

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulale usiamke, na nyumba haijazoea kimya chako.

Wajukuu wanakukumbuka ukiwa mzee mpole, vidole vikinukia gundi, ukiimba huku umebana misumari midogo midomoni. Sisi binti zako tunakumbuka mbali zaidi. Enzi za mkoloni ulishona buti za askari mchana, jioni ukalewa, nasi tukajifunza kunyamaza kila tuliposikia unakuja.

Kisha uamsho wa kanisa ukaingia mjini. Watu waliimba barabarani, karani na mfagizi wakiitana ndugu. Uliwafuata ukiwacheka, ukarudi unalia. Ukapiga magoti jikoni, sisi tukichungulia mlangoni.

"Nisamehe, mke wangu."

"Umelewa?"

"Sijaonja kitu."

"Haya, tutaona," Mama akasema, akaendelea kukoroga chungu.

Akaona. Kesho yake ulikataa kutengewa chakula peke yako sebuleni. Ulituita sote mezani, ukampakulia Mama kwanza. Halafu ukatupeleka shule, wasichana watupu! Mtaa mzima ukacheka: "Fundi kalishwa kitu na mkewe!"

Babu hakucheka. Alikuita mbele ya ndugu zako akasema nyumba ni yake, na wanaume wa nyumba ile hawali na wanawake.

"Chagua."

"Nimeshachagua, Baba," ulijibu, bila kupandisha sauti.

Tukahama siku ile ile. Ulijitwika godoro kichwani, wanaume wenzako wakakodoa macho, na Mama nyuma yako akacheka mpaka machozi yakamtoka. Aliyetufungulia mlango ni dobi, ndugu yako wa uamsho, mtu wa kabila ambalo zamani watu wake hukuwapa hata mkono. Tulilala kwake mpaka ulipopata chumba.

Miaka ikapita. Babu alipofiwa na mkewe na macho kumwishia, ndugu zako wakabaki kutupiana mpira. Ulimfuata mwenyewe, ukamleta kwa kumshika mkono. Mlo wa kwanza akauliza, "Nani huyu kakaa mkono wangu wa kulia?"

"Ni mke wangu, Baba."

Tuliacha kutafuna. Babu akapapasa meza, akakohoa.

"Mkwe wangu, hebu nisogezee chumvi."

Ulitoka nje haraka. Tulikusikia ukipenga kamasi uani, halafu ukaanza kuimba.

Unakumbukwa na mkeo mpenzi. Binti zako, mwalimu, muuguzi na mshona nguo. Wakwe, wajukuu na vitukuu. Pamoja na watoto wa dobi, ambao ni ndugu zetu.

Pumzika, Baba. Maadamu tuko hai, hatutakusahau.