Kitambaa Chini ya Lami

Migosi, Kisumu

Kwa kaka yangu Joram,

Pokea salamu za dada yako. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Wewe na wifi yangu Maryanne hamjambo? Na Mama, goti lake linaendeleaje? Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Maneno yanayosemwa hapo Bondo yamenifikia: kwamba msimamizi wa barabara, binti wa kuzaa, aliuzuia msafara wa mazishi na kumpitisha babake kwenye njia ya matope kama mtu asiye na kwao. Ni kweli. Nilisimama kwenye kizuizi nikakutikisia kichwa, nawe hukushuka garini.

Barabara ile imetiwa lami mpya mara mbili, na mara zote nyufa za chini zilipanda juu kabla ya mwaka kuisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuijua barabara hii, ambayo hata ukiuziba, unarudi. Safari hii tuliziba, tukapaka lami ya kugandisha, juu yake tukatandaza kitambaa kizito cha kuzuia nyufa. Magari yakikikanyaga kabla hakijafunikwa kwa lami mpya, kinajikunja, na palipojikunja ndipo hupasuka kwanza. Kuwaruhusu kupita kungeharibu kazi yote. Bosi wangu Robinson amenisifu, na sifa zake zinaniudhi.

Mvua kubwa imeshanyesha. Kila asubuhi naenda pale, nainama, natafuta ufa. Sijauona. Nikirudi ofisini siwezi kuketi, nazungukazunguka mpaka wenzangu wananiuliza nimepoteza nini.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Siku ya msafara niliijua mapema. Robinson alinisihi nipumzike, akasema kitambaa kingengoja hadi baada ya mazishi. Ni mimi niliyeng'ang'ania kitandazwe siku ile ile. Nilitaka kazi mikononi, Joram, kwa sababu nilijua nikipanda gari moja na jeneza, itabidi niamini kwamba Baba amekufa. Ndiyo maana hata kaburini hamkuniona. Niliogopa, basi.

Jumamosi nakuja nyumbani. Desturi yetu unaijua: aliyechelewa msiba huanza kulia langoni. Nitalia kwa sauti, hata kama ninyi mmekwisha kunyamaza na majirani watashangaa. Ukinisikia, tafadhali toka nje uje unishike.

Msalimie Mama, umwambie nimekonda kidogo tu.

Ni mimi dada yako,
Caren