Kijiko Kilipopanda Mlimani

Pasiansi,
Ilemela, Mwanza.
8 Februari 2026

Mpendwa Mjomba Machibya,

Shikamoo Mjomba. Habari za Tunduru, na ule mguu wako je? Mama aliposikia umeanza kutembea bila mkongojo alipiga vigelegele kule Sengerema mpaka jirani akaja kuuliza ni harusi ya nani. Sisi hatujambo. Mvua imetunyeshea vizuri, sato wapo sokoni, na mimi nasikia nimenenepa, ingawa kioo changu bado hakijakubali.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu, maana jambo hili kwa simu lingekatikakatika, nami nataka ulipate lote.

Unajua Baba alivyokasirika uliponipeleka kusomea uendeshaji wa mitambo. Alisema umempotezea binti, akakunyamazia miaka miwili. Basi, Oktoba nilipata kazi kwa mkandarasi anayejenga tangi la maji juu ya mlima wetu hapa. Nyumba zimeshikamana na mawe mpaka kileleni, na akina mama hupanda na ndoo kichwani asubuhi na jioni. Lori halipiti. Kinachopita ni kijiko kidogo tu, ule mtambo wa magurudumu manne wa kuzolea mchanga na mawe, wenye kiuno kinachojikunja unapokata kona.

Kiuno hicho ndicho uzuri wake na ndicho hatari yake. Kikinyooka, mtambo unatulia. Kikijikunja huku ndoo ya mbele imejaa na imeinuliwa juu, uzito wote unahamia upande mmoja, na penye mteremko haukupi muda wa kujuta. Ndivyo ulivyomlaza Ndalahwa, opereta wa kwanza, wiki ya pili tu ya kazi. Ashukuriwe Mungu alikuwa amefunga mkanda, akavunjika kidole basi. Lakini watu wakaanza kusema mlima umekataa tangi, na msimamizi wetu, Nkwabi, akawa anataka kuhamishia kazi kwingine.

Nikamfuata. "Nipe mimi kijiko. Ila nipe na siku mbili kabla ya kubeba hata jiwe moja."

"Siku mbili za kufanya nini?"

"Za kutengeneza njia."

Tulifukia mashimo, tukang'oa mawe, tukapanua kona ili nisilazimike kukunja sana. Vibarua walinicheka kweli: opereta gani huyu anashika jembe!

Siku ya tatu Baba akatokea. Alikuwa amevuka kwa kivuko alfajiri, na baadaye Mama alinieleza kwamba nia yake ilikuwa kunirudisha nyumbani. Akanikuta nimeshawasha. Nilijaza ndoo nusu, nikaishusha karibu iguse ardhi, nikapanda wima, mzigo ukitazama juu. Katikati ya mlima gurudumu la nyuma likapanda jiwe lililojificha chini ya udongo. Mtambo ukainama upande wa korongo. Mjomba, niliona mabati ya nyumba za bondeni chini ya kiwiko changu.

"Ruka!" Baba akapiga kelele. "Mayu, ruka!"

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na hakuwa ameniita hivyo tangu nianze masomo. Sikuruka. Anayeruka ndiye mtambo humwangukia. Nilishika breki, nikaishusha ndoo mpaka ikakaa chini kabisa, nikanyoosha kiuno taratibu, kisha nikauacha urudi nyuma kidogo kidogo. Gurudumu likashuka. Moyo wangu ulichelewa kidogo kushuka.

Baba alifika akihema. Alichukua mtaimbo mkononi mwa kibarua akaling'oa lile jiwe mwenyewe, shati lake la safari likilowa jasho, akalisukuma pembeni. Kisha akaniambia, "Haya, pita sasa."

Nikapita! Watu walishangilia kana kwamba nimefunga goli.

Baba alibaki siku nne. Kila asubuhi aliikagua njia kwa mtaimbo, na Nkwabi alipotaka nijaze ndoo pomoni, yeye ndiye aliyemjibu, "Wewe hujui kiuno cha huu mtambo." Siku ya kuondoka akaniambia, "Machibya aliona nisichokiona. Nitampigia nimwombe radhi." Amejaribu mara tatu, Mjomba, hupatikani. Tafadhali chaji simu yako!

Mimi nimepewa ajira ya kudumu, na Ndalahwa, kidole kimepona, ananifuata kujifunza njia za milimani bila kuona haya.

Alhamisi maji yalifunguliwa. Bibi Tereza, mwenye miaka themanini na ushee, ndiye aliyepewa kufungua bomba la kwanza. Wote tulidhani atakinga ndoo. Akavua kandambili, akaweka miguu chini ya bomba, akayaacha yapite juu ya nyayo zake. "Leo yamepanda yenyewe," akasema, akacheka mpaka akashikiliwa. Sisi wengine tulicheka na kulia pamoja.

Nisalimie sana Mama Elias, Elias mwenyewe, na Gladness, umwambie nimemshonea gauni. Mungu azidi kuuimarisha mguu wako, na akulipe mema kwa kila ulilonitendea.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye siku zote,

Teodora Masalu