Nchi Nne kwa Siku Sita

Mjukuu wangu Rahma,

Marahaba. Huku Bububu sote wazima. Goti la bibi yako limepoa.

Unauliza utawezaje kutembea nchi nne za Ulaya kwa siku sita na pesa kidogo. Soko zima la Darajani linajua mimi nilizimaliza! Nilipanga kulala kwa jamaa zetu, nisilipe hoteli. Nikaanzia Uholanzi, kwa binamu yangu Bi Zuhura.

"Uondoke kesho? Hujala biriani yangu!"

Kesho yake jirani yake, mtu wa Makunduchi: "Kwake ule, kwangu upite?"

Jamaa na majirani wakanizungusha hivyo nyumba hadi nyumba, mpaka viza ikabakia siku moja. Nilipofunga mkanda wa ndege ya kurudi, nikashusha pumzi.

Wewe lipia kitanda. Bi Zuhura kamwamkie siku ya mwisho, begi ulibakishe stesheni.

Zile nchi tatu nyengine niliziona dirishani mwa ndege, lakini Darajani usiwaambie.

Babu yako mdogo,
Haji